Jua, Mwezi na Sayari Kama Tuvionavyo Kutoka Kyela

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika bwalo la shule, wakati wa mkutano wetu wa mwaka mwezi Septemba.)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya "maajabu ya anga". Nilimwomba Katibu alifute neno maajabu, naye akakubali. Ajabu ni kitu ambacho mtu hukikodolea macho, akatikisa kichwa, kisha akaenda zake kulala. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelitazama Jua kwa tiodolaiti ili nijue kaskazini iko upande gani, nikaweka bikoni za mipaka, nikahamia shamba la pili. Kwa hiyo nitazungumza juu ya anga kama fundi azungumzavyo juu ya chombo chake cha kazi.

Lipo pia jambo la fedha. Wanachama wanajua kwamba mezani kuna pendekezo la kuinunulia shule darubini kubwa, na kesho asubuhi tutapiga kura. Nia ni njema na waliotoa pendekezo ni rafiki zangu. Lakini mimi nitaomba tungoje kwanza, na haya nitakayosema ndiyo sababu yangu.

Tuanze na kijiti. Chomeka kijiti cha urefu wa mita moja katika uwanja wa bendera, kisimame wima kwa timazi. Kila siku ipo dakika moja ambapo kivuli chake ni kifupi kuliko wakati mwingine wowote. Hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli ya mahali hapa. Ukiwauliza watu njiani itatokea saa ngapi, watakujibu saa sita kamili. Sivyo. Saa tunazovaa, kuanzia Kyela hadi Kampala na Mombasa, zinafuata longitudo ya 45 mashariki, ambayo haiigusi nchi yetu hata kidogo. Inapita huko Somalia. Sisi tuko karibu na longitudo ya 34. Dunia hujizungusha digrii moja kwa kila dakika nne, kwa hiyo saa zetu za mkononi zimelitangulia Jua letu kwa dakika 44 hivi. Tena Dunia haiendi kwa mwendo ule ule mwaka mzima, na mhimili wake umeinama, ndiyo maana Jua lenyewe huwahi au huchelewa kwa karibu robo saa. Mwezi wa Oktoba huwahi, mwezi wa Februari huchelewa. Kwa hiyo adhuhuri ya Kyela ya katikati ya Oktoba ni saa sita na nusu, na ile ya mwishoni mwa Februari ni saa saba kasoro dakika mbili. Mtu akikuambia kwamba sayansi ni kitu cha mbali, muulize adhuhuri ya kwao ni saa ngapi.

Sasa tazameni kivuli chenyewe kinaelekea wapi. Hapa kwetu tumepewa alama mbili ambazo mpima ardhi yeyote angetuonea wivu: kusini tuna ziwa, kaskazini tuna Mlima Rungwe. Tarehe 21 Juni Jua liko mbali kaskazini, na kivuli cha adhuhuri cha kijiti chetu kinalala kuelekea ziwani, kina urefu wa sentimeta 65. Baada ya siku hiyo kinaanza kufupika. Tarehe 21 Desemba Jua limekwisha vuka kwenda kusini, na kivuli kimegeuka, kinaelekea Rungwe, lakini sasa ni sentimeta 25 tu. Kutoka ziwani hadi Rungwe na kurudi tena, huo ndio mwaka mzima, umeandikwa ardhini katika uwanja wenu wa bendera.

Na kivuli kinachogeuka upande ni lazima kipite mahali ambapo hakipo kabisa. Kwa Kyela, ambayo iko kusini mwa ikweta kwa digrii tisa na nusu na kidogo, siku hizo ni mbili: yapata tarehe 24 Februari na yapata tarehe 18 Oktoba. Siku hizo, kwa dakika chache, Jua liko utosini hasa. Ndoo ya maji inaangazwa mpaka chini, nguzo ya bendera inasimama bila kivuli, na mtu anakanyaga kivuli chake chote kwa nyayo zake mbili. Siku nyingine zote 363 Jua haliwi utosini hapa, hata liwake namna gani. Ile ya Februari hutuangukia katikati ya mvua, na ninyi mnajua mvua ya Kyela. Lakini ya Oktoba ina anga safi, nayo iko wiki chache tu mbele yetu.

Vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, sikilizeni hapa kwa makini. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, huko Misri, bwana mmoja aliyeitwa Eratosthenes alipata habari kwamba katika mji ambao leo ni Aswan Jua hufika utosini siku moja ya mwaka, na siku hiyo hiyo kule kwake Alexandria nguzo ina kivuli. Akapima pembe ya kivuli kile, akapata kama digrii saba na kidogo, sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi, akasema, nikizidisha umbali wa miji hii miwili mara hamsini nitapata mzingo wa Dunia yote. Hakuondoka mjini kwake.

Sisi tuna Aswan yetu na Alexandria yetu. Mwanza iko karibu kaskazini kwetu, na tofauti ya latitudo kati ya Kyela na Mwanza ni digrii saba na kidogo, karibu sawasawa na ile ya Misri. Tarehe 18 Oktoba, wakati kijiti chetu hakina kivuli, kijiti cha mita moja cha shule yoyote ya Mwanza kitakuwa, adhuhuri ya huko, na kivuli cha sentimeta 12 na nusu hivi. Umbali kutoka latitudo yetu hadi yao ni kilometa 785. Gawanyeni 360 kwa digrii saba na sehemu saba za mia, zidisheni kwa 785, mtapata kilometa elfu arobaini kasoro kidogo. Na mzingo wa Dunia ni kilometa elfu arobaini. Gharama ya kazi hiyo ni vijiti viwili, kipande cha uzi, jiwe la timazi, na simu ya kuwauliza wenzenu wa Mwanza wamepata sentimeta ngapi. Sijui kazi nyingine yoyote ya kisayansi yenye matokeo makubwa namna hiyo kwa fedha kidogo namna hiyo.

Kijiti hicho hicho kinajibu na lile swali la majira. Wapo wanaofikiri kwamba kuna joto pale Dunia inapolikaribia Jua. Kwa hakika Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilometa milioni 147, na hukaa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilometa milioni 152. Mtu wa Kyela anaweza kusema, naam, Januari tunatokwa jasho na Julai ndugu zetu wa Tukuyu wanavaa makoti. Lakini Januari hiyo hiyo Ulaya wanakokota theluji. Umbali hauelezi jambo hili. Kinachoeleza ni ule mhimili ulioinama kwa digrii ishirini na tatu na nusu, ambao ndio unaokipeleka kivuli chetu ziwani na kukirudisha. Hata urefu wa mchana wetu, ambao tumezoea kusema ni sawa mwaka mzima, hubadilika: mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa zaidi ya saa moja. Watu wa Matema hawatalitambua jambo hilo asubuhi, kwa sababu Milima ya Livingstone inawafichia Jua mpaka limepanda. Watalipima vizuri jioni.

Nimesema juu ya Dunia. Sasa niseme juu ya ndugu zake. Hapa wazee na vijana hatutakubaliana, kwa kuwa sisi tulifundishwa sayari tisa na ninyi mnafundishwa nane. Hakuna sayari iliyoanguka. Pluto iligunduliwa mwaka 1930, ikahesabiwa ya tisa kwa miaka 76, kisha mwezi Agosti 2006 wanaastronomia wa dunia wakakutana Prague wakaamua kwamba isihesabiwe pamoja na zile kubwa. Ni ndogo kuliko hata Mwezi wetu, na huko iliko kuna vitu vingi vya aina yake. Wazee wenzangu, msihuzunike. Pluto yenyewe haina habari.

Kuna ugomvi mwingine unaonigusa zaidi, nao ni wa majina. Katika vitabu vingine vya shule mtakuta Mshtarii ikiitwa Sumbula, Zohali ikiitwa Sarateni, na Neptuni ikiitwa Kausi. Haya ni majina mazuri ya Kiswahili, lakini hayakuwa ya sayari. Watazamaji wa nyota wa pwani waliyatumia kwa buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota ambamo Jua hupita katika mwaka: Sarateni ni Kaa, Sumbula ni Mashuke, Kausi ni Upinde. Sayari walizozijua walikuwa tayari na majina yake: Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizo tano zinaonekana kwa macho matupu, na kila mvuvi wa ziwa hili amekwisha ziona, ajue asijue. Mimi nitafuata desturi ya wazee wa pwani, na zile mbili za mwisho nitaziita Uranusi na Neptuni kama dunia nyingine inavyoziita. Katika mtihani, andikeni lile alilowafundisha mwalimu wenu.

Lakini majina si kitu kama hujui ukubwa wa nyumba. Tufanye hivi: kila mita moja barabarani iwe kilometa milioni moja angani. Hapo Jua litakuwa mpira mkubwa unaofika kifuani mwa mtu mzima, mita moja na karibu sentimeta 40. Uwekeni chini ya nguzo ya bendera. Tembeeni hatua za mita 58, wekeni punje ya choroko: hiyo ni Utaridi. Mita 108, njugu mawe moja: Zuhura. Mita 150, njugu mawe nyingine: hii ndiyo Dunia, pamoja na ziwa, milima, mpunga, kakao na vita vyake vyote. Mwezi ni chembe ya milimita tatu na nusu, ikae sentimeta 38 kutoka kwenye njugu. Hapo katikati, kwenye sentimeta hizo 38, ndipo binadamu walipowahi kusafiri. Mbali zaidi ya hapo tumepeleka mitambo tu. Mita 228, punje ya mbaazi: Mirihi.

Baada ya hapo mtatembea mpaka mchoke. Mshtarii ni balungi lililowekwa mita 778 kutoka kwenye bendera. Zohali ni nazi iliyofuliwa, kilometa moja na nusu hivi. Uranusi ni ndimu, karibu kilometa tatu. Neptuni ni ndimu nyingine, kilometa nne na nusu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Katika mfumo wa Jua wote hakuna vitu vingine vikubwa kuliko hivyo; sehemu iliyobaki ni barabara tupu. Na nyota ya jirani, mkitaka kuiweka kwa kipimo hicho hicho, itawabidi mtoke hapa, mwizunguke Dunia yote, mrudi hapa hapa: kilometa elfu arobaini. Mwanga, ambao hutoka Jua hadi kwetu kwa dakika nane na sekunde ishirini, huchukua zaidi ya miaka minne kutoka huko.

Jirani huyo tunamwona kutoka ufukweni, jambo ambalo mtu wa London hawezi. Jioni hizi za Septemba, giza likiingia, tazameni kusini-magharibi juu ya maji. Mtaona nyota mbili kali zinazofuatana. Iliyo juu na kali zaidi ndiyo Alfa ya Kantauri, na nyota ya jirani niliyoisema ni mdogo wake, hafifu mno kwa macho. Chini yao Msalaba wa Kusini unazama mapema mwezi huu. Ngojeni katikati ya Mei, saa nne kasorobo usiku, utakuwa umesimama wima kusini kabisa. Chukueni urefu wa mti wake mrefu, uteremsheni kwa mara nne na nusu, mtafika mahali pasipo na nyota ya maana. Hiyo ndiyo ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota zote huizunguka. Nyosheni mkono, kunjeni ngumi, wekeni ngumi juu ya upeo wa maji: ncha hiyo iko ngumi moja juu ya ziwa. Ngumi ya mtu, mkono ukinyooshwa, ni kama digrii kumi, na latitudo yetu ni tisa na nusu. Huo ni upimaji. Nahodha anayetoka Itungi usiku kwenda Mbamba Bay, akipotewa na vyombo vyake vyote, bado ana kusini yake na bado anaweza kujua amekwenda umbali gani, maana kwa kila digrii moja anayoteremka, yaani kilometa 111, ncha hiyo inapanda digrii moja.

Nimewataja wavuvi, na sina budi kuwapa haki yao, kwani katika wilaya hii wao ndio wenye elimu ya Mwezi. Inasimuliwa kwamba David Livingstone aliliita ziwa hili Ziwa la Nyota kwa sababu ya taa za wavuvi usiku. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini kazi ni ile ile: taa inawavuta usipa. Mwezi mpevu ukiwaka, ziwa lote ni taa moja na taa ya mvuvi haina nguvu, kwa hiyo mitumbwi inakaa ufukweni. Mwezi hurudi katika umbo lake kila baada ya siku 29 na nusu. Ule mpevu huchomoza Jua linapotua, kwa sababu uko upande wa pili wa Dunia. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Basi siku ya nne baada ya mpevu kuna saa tatu hivi za giza kati ya kutua kwa Jua na kuchomoza kwa Mwezi, na mvuvi hodari anajua kuzitumia saa hizo tatu. Mwanafunzi anayechora miduara minane ya Mwezi daftarini bila kujua ni lini usipa watapatikana sokoni, huyo amechora miduara tu.

Elimu ya namna hiyo ilikuwapo pia kwa wakulima. Kile kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia kina jina lenye mzizi wa kulima. Mwezi Novemba kinachomoza mashariki Jua linapotua, nasi tunangoja mvua. Mwezi Mei kimepotea katika mwanga wa Jua. Siku hizi kalenda iko ukutani na katika simu, na sina ugomvi nayo, ila ningependa mjue iliandikwa wapi kwanza.

Sasa tupande kutoka ziwani, tupite Tukuyu na Mbeya, tushike barabara ya Tunduma mpaka Mbozi. Safari hii naisisitiza kwa shule kuliko darubini. Pale kwenye mlima wa Marengi, katika kijiji cha Ndolezi, kuna kipande cha chuma kilichotoka angani, kina urefu wa zaidi ya mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Ni miongoni mwa vimondo vizito kabisa vilivyokwisha onekana duniani. Kikubwa kuliko vyote ni kile cha Hoba, Namibia, cha tani 60 hivi. Kwa kila kilo kumi za kimondo cha Mbozi, kilo tisa ni chuma, na karibu zote zilizobaki ni nikeli. Chuma chenye nikeli nyingi namna hiyo hakipatikani katika miamba yetu ya kawaida. Kilikuwa tumboni mwa jiwe kubwa la angani, lililoyeyuka na kupoa pole pole, kisha likapasuliwa kwa kugongana na jingine. Umri wake ni kama ule wa Dunia yenyewe, miaka milioni elfu nne na nusu.

Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Mwaka ule ule wa Pluto, mkumbuke. Kwa kuwa ni mtu wa kazi yangu naweza kumsema: sisi wapima ardhi tuna tabia ya kugundua vitu ambavyo wenyeji wamekwisha vizunguka kwa jembe kwa vizazi vingi. Wanyiha walikuwa wakikijua chuma kile na walikuwa na jina lake. Lakini hawakuwa na masimulizi ya kuanguka kwake, na shimo lake halionekani tena, jambo linaloonyesha kwamba kiko pale tangu zamani mno. Mwaka 1967 Serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa mambo ya kale. Mbozi sasa iko Mkoa wa Songwe, na kila tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya habari za mawe ya angani, mna sababu nzuri ya kwenda.

Kwa sababu kimondo kiko karibu nasi, wanafunzi huniuliza kama Ziwa Ngozi na Ziwa Masoko ni mashimo ya vimondo. Hapana. Hayo ni kazi ya volkano, moto ule ule uliojenga Rungwe. Mwezini, ambako mvua hainyeshi na mito haisombi udongo, mashimo mengi ya vimondo yamebaki na mnaweza kuyaona kwa darubini ndogo ya macho mawili. Hapa kwetu Kyela, kwa mvua tunayoipata, shimo la kimondo lisingedumu hata kidogo machoni pa watu.

Nimalizie na kupatwa kwa Jua, maana hilo lina tarehe. Jua lina upana wa mara 400 kuliko Mwezi, na liko mbali mara 400 hivi kuliko Mwezi. Kwa hiyo hapa Duniani vyote viwili vinaonekana sawa. Mwezi ukipita mbele ya Jua ukiwa karibu, unalifunika lote. Ukiwa mbali, unabakiza pete. Haitokei kila mwezi kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kwa digrii tano, na mara nyingi hupita juu au chini ya Jua. Tarehe 1 Septemba 2016 pete ile ilipita nchini kwetu, na Rujewa, wilayani Mbarali, ndiko watu walikokusanyika kwa wingi. Sisi wa huku ziwani tulifunikiwa sehemu kubwa tu ya Jua. Mimi nilikwenda Rujewa. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana kukawa na mwanga wa ajabu kama wa taa inayoishiwa mafuta, kukapoa, na chini ya miti, kila mahali ambapo majani yalipenyeza tundu la mwanga, palikuwa na pete. Pete mamia, ardhini, mabegani mwa watu, juu ya kofia za askari. Ilidumu kama dakika tatu. Ningempa mwanafunzi yeyote nauli ya kwenda kuziona zile pete za ardhini, kwani ndizo zinazofundisha kwamba kila tundu dogo ni kamera.

Na tundu ndiyo njia salama. Jua halitazamwi kwa macho, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, wala kwa kioo kilichopakwa masizi, wala kwa kuinamia beseni la maji kama wengi walivyofanya. Jicho halina maumivu ya ndani ya kukuonya. Unaliunguza na unajua kesho yake. Toboeni karatasi ngumu kwa sindano, ligeuzieni Jua mgongo, mwanga uanguke juu ya karatasi nyingine. Au nunueni miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nasema haya mapema kwa sababu tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, pete nyingine itaingia Tanzania ikitokea pande za Angola, Kongo na Zambia. Ninyi mliokaa pale mbele mtakuwa watu wazima, wengine walimu, wengine manahodha, na wengi wenu mtakuwa na watoto ambao mtawaambia watazame wapi.

Ndugu Mwenyekiti, narudi kwenye kura. Nimeona darubini nzuri katika shule moja, ambayo sitaitaja. Imo kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anao mwalimu aliyehama. Kioo kimeota ukungu. Hewa ya Kyela ni mbichi kuliko ya huko, na kuanzia Novemba hadi Mei mawingu yatatunyima anga usiku mwingi. Sikatai kwamba pete za Zohali hazionekani bila darubini. Hilo ni kweli, na mtoto aliyeziona hasahau. Lakini darubini ndogo ya macho mawili, ambayo mvuvi yeyote angeifurahia, itawaonyesha milima ya Mwezi na ile miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Pendekezo langu, na ninaomba liandikwe, ni hili: fedha zilizopo zijenge nguzo ya saruji ya kivuli uwanjani, iwekewe mstari wa kaskazini na kusini ambao nitaupima mwenyewe bila malipo, zinunue darubini mbili za macho mawili na daftari kubwa la kuandika vivuli, zinazobaki zilipe basi la kwenda Mbozi. Wanafunzi wakijaza daftari hilo mwaka mzima bila kuruka wiki, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuchanga kwa ajili ya darubini kubwa.

Na kazi ya kwanza haingoji kura. Tarehe 18 Oktoba, saa sita na robo, muwe uwanja wa bendera. Mwalimu wa Jiografia ameniahidi ngazi ya kufungia timazi, na mwanachama mwenzetu mmoja aliyeko Mwanza amekwisha chonga kijiti chake cha mita moja. Kivuli kitatoweka saa sita na nusu. Njooni na kofia.